Kaktusi Isiyochoma

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI:

Wewe uliyeketi mlangoni na redio magotini, wewe uliye kwenye foleni ya maji na simu sikioni, na wewe utakayeisoma makala hii ikiwa imebandikwa ubaoni kwa sababu betri zimekwisha: karibu.

Leo nataka tuzungumze juu ya mmea. Si muhogo wala lengalenga. Ni mmea wa kutundika, wa kutazamwa tu. Na tayari namsikia baba mmoja akisema, "Kijana, chakula cha mwezi kimepungua, nawe unatuletea maua?" Mzee wangu, una haki. Mmea huu hauliwi, na sidhani utapata mtu wa kuununua. Nipe robo saa tu. Ukiona nimekupotezea muda, njoo unikemee, unajua ninapokaa.

Majuma matatu yaliyopita nilipata karatasi ya kutoka kambini, nikapanda basi la kushuka Bujumbura. Nilifikia Buyenzi, kwa mama mdogo. Anayeijua Buyenzi anajua: barabara zimenyooka na zimepewa namba, mafundi wa magari wanagonga vyuma tangu asubuhi, adhana ikianza msikiti mmoja inapokelewa na mwingine, na Kiswahili ndicho lugha ya uani. Uani kwa mama mdogo, chini ya kibaraza, umetundikwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa wa bati. Ndani ya mkebe zinashuka kamba za kijani, nyembamba kama tambi, hazina majani hata moja. Zinagawanyika mbili mbili, tatu tatu, zinaendelea kushuka. Mimi si mfupi, na nikisimama chini yake zinanifika kifuani.

Mama mdogo amepata tarehe. Mnaelewa ninaposema tarehe. Baada ya miaka mingi ya mahojiano, vipimo na kungoja, yeye na watoto wake wanasafiri. Alikuwa anapanga vitu: hiki kinakwenda, hiki kinabaki, hiki apewe jirani. Alipofika kwenye mkebe akasimama. Mmea wenye udongo hauingii ndegeni hivi hivi. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea, kwa sababu udongo hubeba wadudu na magonjwa ya mimea, na mtu akikutwa na mmea bila karatasi unatupwa palepale uwanja wa ndege. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni wako sasa. Lakini usiufanye kama ule wa kwanza."

Ule wa kwanza niliuua mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mmea wenyewe ulitoka Bukavu, kwenye mti wa avoka wa bibi yangu. Ulikuwa unaning'inia pale juu kwenye panda la mti, hakuna aliyeupanda. Siku ya kukimbia, mama mdogo alikata kipande akakitia kwenye mfuko wa gauni. Mpaka leo hajui kwa nini alikata. Anasema alikuwa amesahau sufuria, amesahau cheti cha shule, akakumbuka kile kipande. Kikashika Buyenzi, kikawa mmea mkubwa. Kisha akasafiri kumwuguza ndugu, akaniachia mimi kazi: "Utunze."

Nikautunza kama mtoto anavyojua kutunza. Kikombe cha maji asubuhi, kikombe jioni. Chini ya mkebe nikaweka sahani ili maji yasipotee. Juma la tatu nikaona kamba zimeanza kukunjamana, zimekuwa laini kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia. Nikasema, una kiu. Nikaongeza kikombe cha mchana. Siku chache baadaye nilivuta kamba moja, mmea wote ukanifuata mkononi. Mizizi ilikuwa rojo la kahawia, inanuka.

Tuketi kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoua mimea ya aina hii. Mizizi inakunywa maji, lakini pia inavuta hewa. Udongo ukijaa maji saa zote, nafasi ndogo ndogo zilizokuwa na hewa zinajaa maji, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa tena. Kwa hiyo mmea unakauka huku umesimama ndani ya maji. Ukiutazama kwa juu utaapa kwamba una kiu. Unaongeza maji, unaumaliza. Ukiona kamba zimekunjamana, usikimbilie kikombe. Tia kidole kwenye udongo kwanza. Udongo ukiwa mkavu, mmea una kiu kweli, upe. Udongo ukiwa umelowa na bado kamba zimenyauka, tatizo ni mizizi, na maji zaidi ni sumu.

Mama mdogo aliporudi, nilikuwa nimejificha kwa jirani. Hakunichapa. Alitazama mkebe, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Alikwenda avenyu ya pili kutoka kwetu, kwa mama mmoja ambaye zamani alimpa kipande. Akarudi na kamba moja ya urefu wa kiganja, imefungwa kwenye gazeti. Mmea nilioukuta sasa, unaofika kifuani, ni ile kamba ya kwenye gazeti.

Basi, mmea huu ni nini? Wataalamu wanauita Rhipsalis. Na hapa mimi mwenyewe nilishangaa, nikaenda kuuliza mara mbili: ni kaktusi. Ndiyo, ndugu ya ile mimea ya jangwani yenye miiba, na ndugu ya dungusi ile ya kuzungushia ua. Jamii ya kaktusi ina aina zaidi ya 1,500, na karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Afrika hatuna kaktusi ya asili. Zote unazoziona kwenye maua ya mahoteli pale Bujumbura zililetwa na watu. Isipokuwa huu. Rhipsalis unaishi wenyewe katika misitu ya mvua ya Afrika, Madagaska na mpaka Sri Lanka, juu ya matawi ya miti, na hakuna aliye na hakika ulifikaje. Wengine wanasema ndege: matunda yake ni vijidude vyeupe kama shanga, ndani vina utomvu wa kunata, ndege akila anapangusa mdomo kwenye tawi na mbegu inabaki pale. Labda ndege mmoja alivuka bahari na mbegu. Wengine wanasema mabaharia wa zamani. Mimi niliishia sekondari, siwezi kuamua ugomvi wa maprofesa. Ninachojua ni kwamba umeshafika, na umeshika.

Kwa kuwa kwao ni juu ya mti, tabia yake si ya jangwani, na hapo watu wanakosea tena. Wanasikia kaktusi, wanauweka juani. Jua kali la saa saba Bujumbura, pale chini karibu na ziwa, linaugeuza rangi: unaanza kuwa mwekundu mwekundu, kisha njano, kisha ncha zinakauka. Unataka mwanga, ila mwanga uliochujwa, kama ule unaopita kati ya majani ya mti. Kibaraza kinachopata jua la asubuhi tu kinafaa sana. Ndani ya nyumba yenye giza hautakufa haraka, lakini kamba zitakuwa dhaifu kama uzi.

Sisi wa kambini hatuna vibaraza. Tuna mabati au turubai, na kila mtu anajua joto la chini ya bati mchana. Usiutundike karibu na bati. Utaiva. Kama una mti karibu na mlango, uwe mwembe, avoka, hata mti wa kivuli tu, mrudishie mmea maisha yake: ufunge kwenye panda la tawi na kitambaa chakavu, pamoja na majani makavu yaliyooza kidogo. Haunyonyi mti. Kuna mimea mingine inayofanana na huu ambayo hunyonya, ndiyo maana wakulima huing'oa, lakini huu unakaa juu ya tawi kama mgeni anayekalia kiti, hauli chakula cha mwenyeji. Ukimwona mzee anataka kuukata, mweleze kwa heshima.

Sasa chombo. Mkebe wa mafuta, bidoni iliyokatwa katikati, ndoo iliyopasuka, vyote sawa, mradi uwe na matundu chini. Si tundu moja la kujifariji. Chukua msumari, piga matundu sita, saba. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake unashikana kama tofali, kwa hiyo uchanganye. Mama mdogo anatumia sehemu moja ya udongo, sehemu moja ya majani yaliyooza, na sehemu moja ya vitu vya kuleta hewa: chenga za makaa zile zinazobaki chini ya gunia, kokoto ndogo, au pumba za mpunga. Pumba zinapatikana bure kwenye mashine za kukobolea, wa Bujumbura wanazipata zikitoka Gihanga. Makaa lazima yawe yamezimwa vizuri na kupoa. Majivu usitie mengi, yanachoma mizizi. Na tafadhali, kwa kutafuta udongo wa majani usiende kuchimba chini ya miti iliyopandwa kuzuia mmomonyoko. Tuna kesi za kutosha na wenyeji.

Maji. Najua foleni ya bombani ilivyo. Kipimo cha chini ambacho mashirika yamejiwekea wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na UNHCR inalenga lita 20 mambo yakitulia, na kila mama anayenisikia anajua siku ambazo hatuvifikii vipimo hivyo. Sitakuambia umnyime mtoto maji umpe mmea. Huna haja. Mkebe mdogo unataka kikombe kimoja kwa juma. Tumia maji uliyooshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au javeli, hapana. Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote.

Namna ya kumwagilia ni hii: tia mpaka uone matone yanatoka chini, kisha uache. Usirudie mpaka kidole kikiingia pingili mbili kikute pakavu. Bujumbura, kiangazi cha Juni mpaka Agosti, mama mdogo anamwagilia kila siku ya tano. Huku Ruyigi tuko juu zaidi, usiku kuna baridi, kwa hiyo juma zima linatosha, na wakati wa mvua hata siku kumi. Mvua zikianza, angalia mkebe usikae pale maji ya paa yanapodondokea. Na ile sahani ya chini, itoe. Kwanza inaozesha mizizi, pili maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu, na malaria tunayo ya kutosha bila kuifugia nyumbani.

Kuna onyo moja, na hili mama mwenye watoto alishike kuliko mengine yote. Ule mnyaa wa ua, ambao hapa Burundi wanauita umunyari, nao una vijiti vya kijani visivyo na majani. Kwa mbali unafanana na huu. Mtoto anaweza kusikia kipindi hiki akaenda kukata mnyaa akuletee. Mnyaa ukivunjwa unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni yanaunguza vibaya, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa au kuumia jicho kabisa. Yakimwingia mtoto, osha jicho kwa maji safi mengi, robo saa nzima bila kuacha, kisha kituo cha afya mbio. Ule tunaouzungumzia leo ukivunjwa hautoi maziwa, unatoa umajimaji usio na rangi. Na mnyaa unasimama, huu unaning'inia. Wafundishe watoto tofauti kabla hujawatuma popote.

Wengine mjini wana mmea mwingine wa kutundika, wenye majani ya mviringo kama mbaazi zilizotungwa kwenye uzi. Huo asili yake ni Afrika Kusini, sehemu kavu, na unataka maji machache zaidi ya huu. Mbaazi zake zina sumu, mtoto akila atatapika. Utundike juu, mbali na mikono yao.

Wadudu si wengi. Utaona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya kamba. Chukua kitambaa, kiloweshe maji yenye sabuni kidogo, panguza kamba moja moja, rudia baada ya juma. Vumbi la kiangazi nalo lioshe, au utoe mmea nje mvua ya kwanza iuogeshe. Mbolea sijawahi kuona mama mdogo akitia, zaidi ya majani yaliyooza mara moja kwa mwaka.

Nimeacha kukata vipande mwisho kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda. Chagua kamba yenye afya, kata pale zinapoungana, kipande cha urefu wa kiganja. Kisha, na hapa subira inahitajika, usikipande siku hiyo. Kilaze kivulini siku mbili au tatu mpaka kidonda cha kukata kikauke. Kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye unyevu kinaoza. Kikishakauka, kichomeke kina cha pingili moja ya kidole, vitatu vinne pamoja kwenye mkebe mmoja ili ujae haraka. Udongo uwe na unyevu kidogo tu. Usikivute kila siku kuona kama kimeshika. Mimi nilivivuta. Baada ya majuma matatu mpaka sita, kiguse taratibu: kikikataa kusogea, kina mizizi.

Na kipande kilichofungwa kwenye karatasi kavu kinavumilia wiki mbili bila maji wala udongo. Si kwenye plastiki, humo kinatoa jasho na kuoza. Karatasi. Ndivyo kile cha bibi kilivyofika Buyenzi ndani ya mfuko wa gauni, na ndivyo nilivyorudi nacho mimi kutoka Bujumbura, ndani ya daftari, katikati ya kurasa za maswali ya mahojiano.

Usiku wa mwisho kule, mama mdogo aliketi na mkasi akakata. Alikata mpaka mkebe ukabaki kama kichwa kilichonyolewa. Kila aliyekuja kuaga alipewa kipande: fundi wa avenyu yetu, mwalimu wa madrasa, na yule mama wa avenyu ya pili, ambaye ni mzee sasa na mmea wake ulikufa kiangazi kilichopita. Alikipokea kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Kwa hiyo nimelipwa deni langu?" Mama mdogo akajibu, "Bado nakudai." Wakacheka wote wawili, kisha hawakucheka tena, nikatoka nje nikajifanya napiga simu.

Mkebe wenyewe sikuweza kuubeba kwenye basi. Umebaki Buyenzi kwa mpangaji mpya, nami nimemwambia habari za sahani mara tatu. Mimi nilikuja na vipande kumi. Vinne nimepanda mlangoni kwangu, na mpaka leo asubuhi vitatu vinakataa kusogea. Viwili alichukua muuguzi wa kituo chetu. Vimebaki vinne.

Nitavigawa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye kibanda cha redio. Kimoja kwa kila nyumba. Njoo na mkebe uliokwisha kutobolewa, matundu nitayahesabu. Atakayepata aandike jina kwenye daftari langu, maana mwakani, mmea ukishakua, nitapita kwake kuomba kamba moja kwa ajili ya watakaokosa Jumamosi hii. Wale wa kambi nyingine, Musasa, Gasorwe, Kavumu, ikiwa kuna anayesafiri kuja huku kwa ruhusa, mpeni karatasi kavu na jina lenu.

Mzee wangu uliyetaka kunikemea, robo saa imeisha. Nipo kibandani mpaka saa kumi na moja.

(Muziki wa kufunga.)